Ukungu wa Kula

Tukuyu ukungu hatununui.
Huingia bila hodi saa kumi alasiri,
ukalowesha upya shuka niliyotaka kuianua,
ukakaa juu ya bati mpaka bati likatoka jasho.
Kwa hiyo Sista Hermina alipofungua kopo la majani ya chai
akaniambia, "Huu ni ukungu, Tusekile, utunze,"
nilicheka hadi nikashika ukuta.

Alikuwa anarudi kwao Flores,
kisiwa chenye milima kama Rungwe, alisema,
ila ya kwao haijalala.
Miaka tisa alituchoma sindano pale zahanati.
Aliniachia mwavuli, kikaango,
na unga huu wa kijivu, vijiko vitatu hivi,
wa kupikia tempe.

Mara ya kwanza nilifuata maneno yake kama dozi:
soya ya Mbozi, loweka usiku kucha,
sugua mpaka maganda yaelee,
chemsha, kausha, ipoe, siki kidogo,
nyunyiza unga, funga.
Nikafunga. Nikaweka juu ya kabati.
Siku ya tatu ilinuka kama soksi za mlinzi.
Kuku waliitazama, kisha wakanitazama mimi.

Mara ya pili ilikuwa Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Hakikuota kitu.
Soya zilikaa ndani ya majani, kila moja kivyake,
kama wageni wa msiba wasiojuana.

Kopo likabaki na kijiko kimoja.

Usiku ule nilibabua majani ya mgomba juu ya makaa
mpaka yakalegea, yakang'aa kama yamepakwa mafuta.
Vifurushi vinne, kamba za mgomba,
matundu ya mwiba wa mchungwa vipate pumzi.
Nikavikunja ndani ya kitenge
nikapanda navyo kitandani.

Gwakisa alipapasa gizani.
"Nani huyu kati yetu?"
"Chakula."
"Chakula kinalala?"
"Hiki kinalala. Usikilalie."
Tangu Tumpe aachishwe ziwa, miaka ishirini na sita,
hakuna aliyelala pale katikati.
Na mume wangu, ambaye hujipindua kama gunia la viazi,
alilala chali hadi asubuhi, mikono kifuani,
kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Alfajiri ya pili ndiye aliyeniamsha.
"Mama Tumpe. Mwanao ana homa."
Niliweka kiganja. Kweli:
vilikuwa na joto lao wenyewe, sisi hatukuvipa.
Nikafungua kimoja dirishani.
Nje Rungwe haukuonekana, weupe mtupu,
na ndani ya jani weupe uleule
umezishika soya zote zikawa mkate mmoja
unaokatika kwa kisu bila kuangusha punje.
Harufu yake uyoga,
na udongo wa chini ya mgomba mvua ikishakatika.

Kupika kwenyewe hakuna maneno mengi.
Punje tatu za kitunguu saumu, giligilani, chumvi,
twanga, tia maji, tumbukiza vipande,
viache muda wa kuosha vyombo.
Mafuta ya alizeti yapate moto kweli.
Vikiingia vinapiga kelele, baadaye vinanong'ona.
Vikinong'ona, geuza.
Pilipili kichaa, nyanya, sukari ya kubana vidole viwili.

Alikula na wali wa Kyela.
Hakusifu; huyu hajasifu kitu tangu tuoane.
Kipande cha kwanza alitafuna akitazama ukuta,
cha pili akitazama sahani,
cha tatu akauliza kama kopo bado lina kitu.

Halina. Lakini kipande kimoja sikukikaanga.
Nimekiacha kwenye jani lake kizeeke, kiwe cheusi,
kikauke, nikisage.

Usiku Gwakisa alizima taa,
akasogea mpaka ukutani,
akaacha nafasi katikati.